Kijani si Usalama: Rangi katika Michoro ya Takwimu na Uelewa wa Wasomaji, kwa Mifano ya Busasamana, Rubavu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna uteuzi wa rangi katika michoro ya takwimu unavyoelekeza uelewa wa wasomaji. Mifano imetolewa katika mazingira ya Busasamana, wilayani Rubavu nchini Rwanda, ambako rangi za kijani, manjano, chungwa na nyekundu hutumika katika kipimo cha lishe ya watoto, katika tahadhari za volkeno ya Nyiragongo na, ng'ambo ya mpaka, katika ramani za usalama wa chakula. Hoja kuu ni kwamba rangi hujibu swali moja tu ambalo kipimo kiliulizwa, ilhali msomaji huipokea kama hukumu juu ya hali nzima. Makala yanaeleza jinsi jicho linavyosoma rangi, yanachambua vielelezo vitatu, yanaangalia nafasi ya majina ya rangi katika Kiswahili na Kinyarwanda, kisha yanatoa mapendekezo kwa watayarishaji wa michoro.

1.0 Utangulizi

Busasamana ni mojawapo ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ng'ambo ya mpaka unasimama mlima Nyiragongo, volkeno hai yenye kimo cha mita 3,470. Baada ya mlipuko wa Januari 2002, ziwa la lava lilijiunda upya katika kreta ya mlima huo, na kwa miaka mingi mwanga wake ulilipaka anga wekundu nyakati za usiku. Wekundu huo ulionekana Goma na Gisenyi pia. Kwa wakazi, haukuwa tahadhari. Ulikuwa sura ya kawaida ya usiku. Hata hivyo, nyekundu hiyohiyo ikichapwa katika bango la tahadhari au katika utepe wa kupimia mkono wa mtoto, mzazi hushtuka.

Tofauti hii inaonyesha kwamba rangi haina maana moja iliyofungamana nayo kwa asili. Maana hutokana na mahali rangi ilipowekwa, rangi zilizo jirani yake, maelezo yanayoiandama na mazoea ya anayeitazama. Kwa sababu hiyo, mtayarishaji wa mchoro wa takwimu anapochagua rangi hafanyi kazi ya kupamba. Anaamua ni kipi kitakachoonekana kikubwa, kipi kitakachoonekana cha dharura na kipi kitakachopita bila kuonwa. Uamuzi huo una uzito mahali ambapo mchoro humwongoza mtu kumpeleka mtoto kituo cha afya, kuihama nyumba yake au kubaki alipo.

2.0 Jinsi Jicho Linavyosoma Rangi

Mfaransa Jacques Bertin, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu semiolojia ya michoro, alitofautisha sifa mbili za rangi ambazo watumiaji wengi huzichanganya. Sifa ya kwanza ni aina ya rangi: nyekundu, kijani, buluu na kadhalika. Sifa ya pili ni kiwango cha weusi au weupe wake, ambacho katika Kiswahili kinaweza kuelezwa kwa vitenzi kukolea na kufifia. Bertin alieleza kwamba sifa ya pili hupangika yenyewe machoni. Mtu akipewa vipande vitano vya karatasi, kuanzia kilichofifia hadi kilichokolea, huvipanga bila kufundishwa. Akipewa kipande cha buluu, cha nyekundu na cha kijani, hana njia ya kujua kipi kitangulie kabla hajaambiwa.

Mpangilio wa kijani, manjano na nyekundu, unaofahamika kutokana na taa za barabarani, ni wa kufundishwa. Hufanya kazi kwa kuwa watu wameukariri. Udhaifu wake hudhihirika ofisini, pale taarifa ya rangi inapotolewa nakala kwa mashine ya rangi nyeusi na nyeupe. Kijani kilichokolea na nyekundu hugeuka kuwa kijivu kinachokaribiana sana. Manjano nayo, ambayo ndiyo rangi angavu kuliko zote tatu, hugeuka kuwa karibu nyeupe. Matokeo yake ni kwamba daraja la katikati, lililokusudiwa kumwambia msomaji awe macho, huonekana ndilo salama kuliko yote, na daraja la usalama halitofautiani na la hatari.

Tatizo hilo haliko kwenye karatasi pekee. Wako watu ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, hali hiyo humpata takriban mwanamume 1 kati ya 12. Katika jamii za Kiafrika uwiano unaopatikana kwa kawaida ni mdogo zaidi, lakini hali yenyewe ipo. Hurithiwa kupitia kromosomu ya X, na ndiyo maana huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Wengi huishi nayo bila kujua.

Aidha, rangi haionekani peke yake. Mwaka 1839 mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins mjini Paris, alichapisha kitabu kinachoonyesha kwamba rangi moja hubadilika machoni kutegemea jirani yake. Kijivu kilichozungukwa na nyeusi huonekana cheupe kuliko kijivu hichohicho kilichozungukwa na nyeupe. Katika ramani ya wilaya, sekta yenye kiwango cha wastani ikizungukwa na sekta zilizokolea huonekana nafuu kuliko ilivyo, na msomaji anayelinganisha na ufunguo ulio pembeni anaweza kuisoma katika daraja lisilo lake.

3.0 Utepe wa Kupimia Mkono

Mchoro wa takwimu unaowafikia wazazi wengi kwa urahisi ni utepe wa kupimia mzingo wa mkono wa mtoto, ambao hutumiwa kote ulimwenguni kutambua utapiamlo mkali. Nchini Rwanda, wahudumu wa afya wa jamii, abajyanama b'ubuzima kwa Kinyarwanda, huutumia vijijini. Kwa mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa sentimita 12.5 au zaidi huangukia katika kijani. Kuanzia sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5 huangukia katika manjano. Na chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Nguvu ya utepe huu ni kwamba hauhitaji kusoma tarakimu. Mama anaweza kuona mwenyewe rangi iliyo katika dirisha la utepe, na uamuzi wa rufaa hufanyika papo hapo.

Hata hivyo, urahisi huo una gharama mbili. Ya kwanza inatokana na mipaka. Mtoto mwenye mzingo wa sentimita 12.4 na mwenye sentimita 12.5 wanatofautiana kwa milimita moja, tofauti inayoweza kuletwa na namna utepe ulivyokazwa. Lakini mmoja yuko katika manjano na mwingine katika kijani. Mtoto wa sentimita 12.5 na mwenye sentimita 15 wanatofautiana kwa milimita 25, lakini wote wamo katika kijani. Kipimo chenyewe ni mteremko usiokatika. Rangi ndizo zinazoweka ngazi.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi. Utepe hupima ukondefu, yaani upungufu wa mwili unaotokana na njaa au maradhi ya karibuni. Haupimi udumavu, ambao ni mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya nchini Rwanda wa 2019–20 ulionyesha kwamba takriban asilimia 1 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa na ukondefu, ilhali asilimia 33 walikuwa wamedumaa. Kwa maneno mengine, karibu kila mtoto angeweza kuonekana katika kijani huku mmoja kati ya watatu akiwa na tatizo ambalo utepe haukuundwa kulibaini. Mzazi anayerudi nyumbani na neno "kijani" ameambiwa kwamba mtoto wake hana ukondefu. Akielewa kwamba mtoto anakula vya kutosha na anakua ipasavyo, kosa si lake. Rangi imesema zaidi ya ilichopima.

4.0 Ngazi za Tahadhari za Nyiragongo

Mfumo wa tahadhari unaotumiwa na Kituo cha Uangalizi wa Volkeno cha Goma una ngazi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Msomaji wa kawaida huuelewa mfumo huo kama maelezo ya mlima: kijani, mlima umelala, nyekundu, mlima unalipuka. Kwa uhalisia, mfumo hueleza kile ambacho vyombo vimeweza kugundua na tafsiri ambayo wataalamu wameitoa kwa wakati huo. Ni rangi ya maarifa kabla ya kuwa rangi ya mlima.

Tofauti hiyo ilidhihirika jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Nyiragongo ulipasuka na lava ikateremka kuelekea Goma, ikasimama kwenye viunga vya mji. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, na maelfu walivuka mpaka kuingia Rubavu usiku huo. Hakukuwa na amri ya kuhama iliyotangulia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulieleza kwamba magma ilikuwa tayari karibu na uso wa ardhi, na kwamba dalili za wazi zilijitokeza kwenye vyombo chini ya saa moja kabla ya lava kuanza kutoka. Hivyo, hata uangalizi mzuri ungekuwa na muda mfupi mno wa kubadilisha rangi na kuwafikishia watu habari.

Siku zilizofuata, magma iliendelea kusogea chini ya ardhi kuelekea kusini, chini ya Goma na Ziwa Kivu. Mitetemeko ilitikisa pande zote mbili za mpaka; nyumba na barabara zilipata nyufa, Rubavu ikiwamo. Tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama kwa kuhofiwa mlipuko mwingine, ambao haukutokea. Katika siku hizo chache watu walishuhudia mlipuko usiotanguliwa na tahadhari ya kuhama, na tahadhari kuu isiyofuatwa na mlipuko. Mtu aliyefundishwa kwamba rangi ni hali ya mlima anaweza kuhitimisha kwamba rangi zimesema uongo mara mbili. Mtu aliyefundishwa kwamba rangi ni kiwango cha maarifa na cha hadhari huelewa kwamba katika hali zote mbili wataalamu walieleza walichokuwa nacho. Imani ya watu katika tahadhari ijayo inategemea ni fundisho lipi kati ya haya mawili walilopewa.

5.0 Ramani, Mipaka na Sehemu Zisizopakwa Rangi

Ramani huongeza ugumu mwingine, kwa sababu rangi hujaza eneo. Sekta pana ya vijijini kama Busasamana huchukua nafasi kubwa katika ramani ya Rubavu, ilhali sekta ya Gisenyi, iliyo ndogo na yenye msongamano wa watu, huonekana kama doa. Endapo sekta zote mbili zitapakwa rangi kwa kiwango cha tatizo fulani, jicho litahesabu ardhi, si watu.

Ndani ya eneo lililopakwa rangi moja mnaweza kuwa na hali nyingi. Uainishaji Jumuishi wa Awamu za Usalama wa Chakula, unaofahamika kwa kifupi IPC, ulianzishwa Somalia mwaka 2004 na sasa hutumika katika nchi nyingi, ikiwamo Kongo. Una awamu 5. Eneo huingizwa katika awamu ya 3, yaani hali mbaya, na kupakwa rangi ya chungwa, iwapo angalau asilimia 20 ya watu wake wako katika awamu hiyo au zaidi. Kwa hiyo eneo la manjano linaweza kuwa na asilimia 19 ya watu walio katika hali mbaya, na eneo la chungwa linaweza kuwa na asilimia 80 ya watu ambao hawajafikia hali hiyo. Rangi imechukua uamuzi wa kiutawala kuhusu mahali pa kuelekeza msaada. Haikueleza maisha ya kila kaya.

Ramani za IPC, hata hivyo, zina somo zuri. Kijani cha awamu ya 1 kimefifizwa sana, manjano inafuata, kisha chungwa, nyekundu, na mwishowe nyekundu iliyokolea hadi kukaribia hudhurungi kwa awamu ya 5. Kila hatua imekolea kuliko iliyotangulia. Ramani hiyo ikitolewa nakala ya nyeusi na nyeupe, mpangilio wa hatari unabaki. Majina ya rangi ni yaleyale ya taa za barabarani. Kilichobadilika ni kukolea kwake.

Jambo linaloigusa Busasamana moja kwa moja ni sehemu zisizopakwa rangi. Ramani nyingi hutayarishwa kwa mipaka ya nchi moja, na rangi hukomea mpakani. Ng'ambo huachwa nyeupe au kijivu hafifu. Katika ramani ambayo kiwango cha chini kabisa nacho ni rangi iliyofifia, weupe wa "haikupimwa" hufanana na weupe wa "hakuna hatari". Ardhi iliyopata nyufa mwaka 2021 haikujua mpaka, lakini ramani inayokoma mpakani humwonyesha mkazi wa Rubavu kwamba yuko nje ya jambo linalomhusu.

Mfano wa mwisho ni mazuku, neno la Kiswahili la eneo la Goma ambalo limeingia katika maandishi ya wataalamu wa volkeno duniani. Hutaja mikusanyiko ya gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na kuua wanyama na watu hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mchoraji wa ramani hana budi kuipa rangi ili ionekane, na akishafanya hivyo ameipa pia ukingo mkali ambao haina. Mchungaji aliye hatua kumi nje ya ukingo huo anaweza kudhani yuko salama.

6.0 Majina ya Rangi katika Lugha

Mchoro hausomwi kwa macho tu. Huelezwa kwa maneno. Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vinavyokubali upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa kitambaa chekundu, mistari myekundu, udongo mwekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa vitu: kijani kutokana na jani, manjano kutokana na kiungo, kijivu kutokana na majivu, kahawia kutokana na kahawa. Hali hii inaafikiana na maelezo ya Brent Berlin na Paul Kay ya mwaka 1969, kwamba lugha zenye majina matatu ya msingi huwa na yale ya nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kinyarwanda nacho huiita kijani icyatsi, neno linalomaanisha pia nyasi, na buluu ubururu, kutokana na Kifaransa.

Athari yake ni ya kiutendaji. Tofauti kati ya chungwa na nyekundu, ambayo katika mfumo wa tahadhari ni tofauti kati ya kujiandaa na kuondoka, haina nguvu sawa katika mazungumzo. "Rangi ya chungwa" humtaka msikilizaji akumbuke tunda ambalo, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, huiva likiwa bado na ganda la kijani. Tahadhari inayotangazwa redioni au kwa kipaza sauti haiwezi kutegemea jina hilo peke yake. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na ndicho kinachowaunganisha wengi wanaovuka kati ya Goma na Gisenyi. Hivyo suala la namna ya kuzitaja ngazi hizi ni suala la wataalamu wa Kiswahili pia.

Historia nayo huongeza uzito. Bendera ya zamani ya Rwanda ilikuwa na nyekundu, manjano na kijani. Bendera mpya iliyoidhinishwa mwaka 2001 ina buluu, manjano na kijani. Nyekundu iliondolewa. Mtayarishaji anayedhani kwamba nyekundu ni alama ya takwimu tu, isiyo na kumbukumbu nyingine yoyote, hajawafikiria wasomaji wake.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matano yanapendekezwa kwa taasisi zinazotayarisha michoro kwa ajili ya umma.

Kwanza, mpangilio wa hatari ubebwe na kukolea kwa rangi, na kila mchoro ujaribiwe kwa nakala ya nyeusi na nyeupe kabla ya kusambazwa. Rangi zilizopangwa na mwanajiografia Cynthia Brewer, zinazopatikana bure katika zana ya ColorBrewer, zinaweza kusaidia.

Pili, kila rangi iandamane na swali inalolijibu. Katika utepe, "kijani" isomwe "hana ukondefu leo", na mhudumu aongeze kwamba urefu wa mtoto hupimwa kivyake.

Tatu, sehemu ambazo hazikupimwa zionyeshwe kwa mistari ya mshazari, si kwa weupe, na ramani za hatari zisiishie mpakani pale hatari yenyewe inapovuka.

Nne, kila ngazi ya tahadhari iwe na namba na kitenzi pamoja na rangi: fuatilia, jiandae, ondoka. Kitenzi husikika redioni, rangi haisikiki.

Tano, mchoro ujaribiwe kwa wasomaji waliokusudiwa. Swali la kuwauliza si kama rangi zinapendeza, bali ni hili: ukiona rangi hii, utafanya nini?

Rangi itaendelea kuwa njia ya haraka kuliko zote ya kufikisha takwimu kwa watu wengi, na makala haya hayapendekezi iachwe. Yanapendekeza iwekewe mipaka ya kile inachokijua. Mkazi wa Busasamana anayeambiwa "kijani" anastahili kuambiwa pia ni nini kilichopimwa, lini, na ni nini ambacho hakikupimwa.